Mashine Ikiibwa Mwaloni, Polisi Wataanza na Namba

Mtu kaibiwa mashine ya boti usiku. Asubuhi anafika kituoni na hasira zake na kundi la kumsindikiza. Askari wa zamu pale kaunta anafungua daftari, anauliza: namba ya mashine? Mwenye mashine anajibu, "Ni Yamaha, HP 15, ya kijivu, imechubuka kidogo ubavuni." Afande anaandika hivyohivyo, anampa RB, ile karatasi yenye namba ya taarifa yake, na upelelezi unakwama hapohapo. Mashine za namna hiyo zimejaa huku Ziwa Victoria, kuanzia Igombe hadi Ukerewe. Wataikamata ipi?

Mimi ni katibu wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo (pale boti zinapotia nanga na kushusha samaki), huku Ilemela, Mwanza, na kazi hiyo imenikalisha sana kwenye mabenchi ya vituo vya polisi. Ukitaja usalama wa taifa, wengi wanafikiria mipaka na mizinga. Kwetu maana yake ni mvuvi wa dagaa kuingia ziwani usiku wa giza bila kushtuka kila aonapo boti isiyo na taa ikimsogelea. Doria zina kazi yake, lakini mwizi hukamatwa kwa taarifa, na taarifa tunazo sisi tulio mwaloni.

Kwa hiyo anza kabla hujaibiwa. Kile kibati chenye namba kiko kwenye bano linaloishika mashine nyuma ya boti. Kipige picha, hakikisha namba inasomeka, kisha itume kwa mkeo au ndugu aliye nchi kavu, maana majambazi wakivamia boti simu nazo huondoka nazo. Risiti ibaki nyumbani. Na kwa kuwa wezi wanajua kukibandua kibati, mwambie fundi wako akuwekee alama ya siri ndani ya kifuniko, mahali mnapopajua wewe na yeye tu. Alama hiyo usiitangaze kijiweni.

Anayenunua mashine ya mkononi aandikishane na muuzaji mbele ya mwenyekiti wa mtaa au uongozi wa mwalo, namba ikiwemo. Hapa nitasema wazi: wezi wa ziwani wanalishwa na sisi. Jambazi hana haja na mashine, ana haja na pesa, na pesa inatoka kwa mvuvi mwenzetu anayeuziwa kwa bei ya kutupa na hataki kuuliza imetoka wapi. Ziwa lenyewe ni la nchi tatu, Tanzania asilimia 51, Uganda 43, Kenya 6, na lina ukubwa wa zaidi ya kilomita za mraba 68,000. Polisi wanamaji hawawezi kuwa kila mahali. Ukiwaambia waende kambi gani ya wavuvi wamuulize nani, hapo umewapa kazi inayofanyika.

Wazee wetu wanalijua hili. Sungusungu, ulinzi wa jadi wa wanakijiji wenyewe, ilianza mwanzoni mwa miaka ya 1980 huko Usukumani na Unyamwezini, wizi wa ng'ombe ulipopita kiasi na bunduki zikiwa zimezagaa baada ya vita ya Kagera. Mwano, yaani yowe la hatari, ukipigwa, wanaume wote wanatoka, na asiyetoka anatozwa faini. Mwaka 1989 sheria ikawapa nguvu ya kukamata. Nguvu yao ilikuwa kwamba kila mtu anamjua kila mtu. Ubaya wao tunaujua pia: kulikuwa na waliopigwa hadi kufa bila kusikilizwa.

Tabia hiyo ya kumaliza kesi barabarani bado ipo mwaloni, na naipinga hata kabla ya kufika kwenye haki za binadamu. Kijana aliyechomwa moto hawezi kumtaja aliyemtuma wala aliyekuwa anamsubiri kisiwani na pesa. Mnunuzi anashukuru, wiki inayofuata anatuma mwingine. Mkimkamata mtu, mfungeni, mpelekeni akiwa mzima.

Sasa upande wa polisi, maana lawama zisiishie kwetu. Mpango wa polisi kata ni mzuri pale askari anapokaa kwenye kata na kunywa chai na watu. Lakini akishawajua, anahamishwa, tunaanza upya na mgeni. Kibaya zaidi ni siri kuvuja. Nimeona mtu akitoa jina kituoni asubuhi, na kabla ya magharibi mwenye jina keshajua nani kamtaja. Tangu siku hiyo eneo lile lote likawa halijui kitu, halijaona kitu. Mkuu wa kituo anayetaka uhalifu upungue aanzie kwenye kaunta yake: mtoa taarifa apelekwe chumba cha faragha, asihojiwe mbele ya foleni ya watu. Na habari ya mlalamikaji kuchangia mafuta ya gari la polisi ikome, kwa sababu anayefuata kuchangia ni mtuhumiwa, naye ana fungu kubwa zaidi.

Ila si kila mtuhumiwa anayerudi mtaani ametoa rushwa. Polisi wanatakiwa kumpa dhamana au kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, na wizi wa kawaida una dhamana, tena bure. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, na kifungo chake hakipungui miaka 30. Tofauti ya makosa hayo mawili mara nyingi imelala kwenye maelezo yako. Wavuvi wengi wanasema "walituibia mashine" na kusahau panga lililowekwa shingoni mwa nahodha. Lilikuwepo? Liseme, na useme nani alilishika. Halikuwepo? Usiliongeze.

Mkivamiwa, pigeni 112 mara mtandao unaposhika, kisha nendeni kituoni mkiwa boti nzima kabla hamjakaa kijiweni kusimuliana. Mkishasimuliana, wote mtaongea maneno yaleyale na wakili wa mshtakiwa atawacheka mahakamani. Kila mmoja aeleze alichokiona yeye mwenyewe: sauti, lafudhi, rangi ya boti, upande waliokimbilia. Na aliyekuwa amelala chini ya turubai aseme alikuwa amelala.