Nilimnyonga mtu aliyekuwa hai: kwa mnaoanza kufukua kesi za mauaji magazetini

Mwaka wangu wa pili wa kusoma magazeti ya zamani nilimnyonga mtu. Nilikuwa nimeifuata kesi yake toleo kwa toleo: maiti kuonekana mtoni, mtuhumiwa kukamatwa, mwenye nyumba ya wageni kutoa ushahidi, jaji kutamka adhabu ya kifo. Nikaandika makala, nikaimalizia kwa kitanzi. Baada ya miezi kadhaa msomaji mmoja akaniandikia kwa adabu kabisa: samahani, bibi yangu alizaliwa miaka 19 baada ya wewe kumnyonga baba yake.

Nikarudi kwenye gazeti lile lile. Wiki tatu baada ya hukumu, ukurasa wa ndani, chini kabisa, kati ya tangazo la dawa ya kikohozi na bei za nafaka, palikuwa na mistari mitatu: adhabu imebadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Kukamatwa kwake kulipewa safu nzima. Kunusurika kwake, mistari mitatu. Nami niliishia kwenye hukumu, maana nilidhani hapo ndipo kisa kinapoishia.

Basi usifunge gazeti siku ya hukumu. Endelea kusoma, na kiasi cha kuendelea kitategemea sheria ya wakati huo, kwa hiyo isome nayo. Uingereza, kwa sheria iliyoanza kutumika 1752, aliyepatikana na hatia ya mauaji alinyongwa keshokutwa yake. Ndiyo sababu kesi nyingi za namna hiyo zilisikilizwa Ijumaa: Jumapili haikuhesabiwa, mfungwa akapata walau siku moja zaidi ya kupumua. Haraka hiyo iliondolewa 1836. Kwa kesi ya kabla ya hapo, toleo la wiki inayofuata huenda likakutosha. Kwa ya baadaye, pitia miezi. Na ukishangaa mbona mshitakiwa wa karne ya 19 kakaa kimya huku watu wanamsingizia, jua kwamba kwa kawaida mahakama za Uingereza hazikumruhusu kutoa ushahidi wa kiapo katika kesi yake mwenyewe mpaka sheria ilipobadilishwa 1898. Niliwahi kuusoma ukimya wa namna hiyo kama dalili ya hatia. Aibu tupu.

Magazeti yenyewe siku hizi hayana taabu kuyapata. Hifadhi za mtandaoni kama Trove ya Australia, Papers Past ya New Zealand na Chronicling America ya Marekani ni bure. Ya Uingereza mengi utayalipia. Taabu iko kwenye kutafuta. Maandishi unayoyatafuta ndani yake yamesomwa na mashine kutoka kwenye picha ya karatasi iliyochakaa, na mashine hiyo husoma kama mtu aliyesahau miwani. Kwenye magazeti ya karne ya 18 ni balaa zaidi, maana herufi s ya zamani ilichapwa kwa umbo refu na mashine huiona f. Halafu jina la mtu ripota aliliandika jinsi masikio yake yalivyolisikia, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kuwa na majina manne ndani ya wiki moja. Usitegemee jina. Tafuta mtaa, kazi ya marehemu, jina la daktari aliyeichunguza maiti, jina la meli. Na neno mauaji lenyewe usiling'ang'anie: wahariri wengi walipendelea kuita janga, fumbo au tukio la kutisha. Kesi niliyoitafuta kwa miezi miwili niliipata siku nilipoandika jina la baa.

Ukishaipata utafurahi kuona magazeti 12 yanakubaliana. Usifurahi upesi. Wahariri walikuwa wakikata habari za wenzao na kuzichapa upya. Marekani, sheria ya posta ya 1792 iliwaruhusu hata kupelekeana magazeti bila kulipia. Weka habari hizo 12 ubavu kwa ubavu, utafute kosa moja linalojirudia, labda umri wa marehemu au jina lililokosewa. Likijirudia kwenye yote, una shahidi mmoja tu na wenzake 11 walionakili. Gazeti la mji wenyewe, lililoandikwa siku mbili za kwanza kabla habari haijapambwa, nalithamini kuliko yote hayo.

Kuna kesi moja huwa nawapa wanaoanza waisome yote. Desemba 1921 binti wa miaka 12, Alma Tirtschke, alikutwa ameuawa kwenye kichochoro cha Gun Alley, Melbourne. Serikali ikatangaza zawadi ya pauni 1,000, na gazeti la Herald likaongeza 250 zake. Tazama hapo: gazeti limeweka fedha yake ndani ya kesi linayoiripoti. Mwenye baa ya mvinyo, Colin Campbell Ross, alikamatwa, na kati ya ushahidi uliommaliza ni nywele zilizotolewa kwenye blanketi lake, zikisemwa ni za binti yule. Alinyongwa Aprili 24, 1922, miezi minne haijatimia tangu maiti kuonekana, akisisitiza mpaka mwisho kwamba hana hatia. Miaka ya 1990 mtafiti Kevin Morgan aliyarudia majalada, akazikuta nywele zile bado zimehifadhiwa. Zilipochunguzwa upya hazikulingana. Msamaha ukatolewa 2008. Njia ya mwongo ni fupi, husemwa. Hii ilikuwa na urefu wa miaka 86.

Isome kesi hiyo kwa mpangilio wa siku, ukijifanya hujui mwisho wake. Utaona unavyokubali. Mimi nilipofika wiki ya tatu nilikuwa nimeshamtia Ross hatiani, nami najua kabisa alisamehewa! Hapo ndipo utajua gazeti lilikuwa likiwafanya nini waliolinunua kila jioni.

Kumbuka pia kumtafuta aliyeuawa. Mwaka 1879 huko Richmond, karibu na London, Kate Webster alimuua mwajiri wake, Julia Martha Thomas, akaikata maiti. Magazeti yalishiba Kate: mavazi yake, maneno yake, hata sanamu yake ya nta ikawekwa kwenye jumba la maonyesho la Madame Tussaud. Kichwa cha marehemu hakikuonekana. Mwaka 2010 wajenzi walifukua fuvu kwenye bustani ya mtangazaji David Attenborough, na mwaka uliofuata mchunguzi wa vifo akathibitisha ni la Bibi Thomas, akitegemea pia kumbukumbu za zamani, ikiwemo maungamo ya Kate. Jaribu kuandika ukurasa mmoja kuhusu mama huyo bila kumtaja muuaji wake. Mimi nilipata aya moja na nusu, na nusu yenyewe ilihusu nyumba.

Mengine ni ya mezani tu. Andika tarehe, ukurasa na safu papo hapo, uhifadhi picha ya ukurasa mzima na si kipande, kwa sababu habari ya jirani huwa na maana baadaye. Kabla ya kuchapisha, waulizie walio hai. Vitukuu wapo, na wengine hawajui.

Yule msomaji nilimwomba radhi, nikairekebisha makala. Baadaye alinitumia picha: mzee ameketi kwenye benchi la mbao, kofia ameiweka magotini, macho ameyafinya kwa sababu ya jua. Nyuma pameandikwa mwaka kwa penseli. Nilihesabu. Ilikuwa miaka 31 baada ya siku niliyomnyonga.