Uliza Ujibiwe: Hivi vijiroboti vya sumaku vya kupima virusi vinaingia mwilini?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Juzi tuko tunakula, kijana wangu akasema eti Wamarekani wana vijiroboti vya sumaku vinasaka virusi vya korona, mjomba wake akadakia ndo vile vilivyowekwa kwenye chanjo, basi kelele mpaka ugali ukapoa. Hivi hivyo vidude vinapitia wapi kuingia kwa mtu? Mama Wawili, Tanga

JIBU: Haviingii kwa mtu mama, mjomba ale ugali wake kwa amani. Alafu hata hilo jina roboti lisikutishe, havina mikono wala macho, ni visumaku vya milimita chache tu. Waliovitengeneza ni watu wa chuo kikuu cha UCLA kule Los Angeles, kazi yao ilitoka kwenye jarida la Nature 2022.

Si unajua watoto wakibomoa spika mbovu wanachukua sumaku, wanaweka pini juu ya karatasi alafu wanapitisha sumaku kwa chini, pini inakimbia yenyewe? Ndo mchezo wenyewe huo. Kuna bodi ya umeme inayoenea kiganjani, ina koili kibao, kompyuta inawasha hii inazima ile na kisumaku kinafuata, na juu yake kuna tone la sampuli lililotiwa chembechembe za sumaku, sa kisumaku kikienda na tone linaburutwa, likachanganywe na lingine au likapewe dawa ya kupimia. Inayogundua virusi ni hiyo dawa, inapashwa joto lile lile bila kubadilika na kama kirusi kipo inazalisha nakala za vinasaba vyake mpaka vinaonekana. Sumaku yenyewe ni mchukuzi tu.

Mi kilichonivutia ni ubahili wake. Chukua nusu ya ubao wa bao, safu 4 zenye mashimo 4, kila shimo tone la mtu mmoja, jumla watu 16. Badala ya kupima 16 unachanganya kila safu unapima, kisha unachanganya kwa kushuka chini unapima, vipimo 8 basi, mgonjwa akiwa mmoja yuko pale mistari miwili yenye virusi inapokutana. Wakiwa wawili wa safu tofauti na mistari tofauti ya kushuka unapata mashimo 4 ya kushuku, unarudia hayo tu. Ila ugonjwa ukishatapakaa mtaa mzima mchezo huu hausaidii, ndo maana wenyewe wanasema gharama ya dawa za kupimia inaweza kupungua mara 10 mpaka 300, inategemea wagonjwa ni wengi kiasi gani. Hapo jirani Rwanda nao walitumia hesabu za kuchanganya sampuli kipindi cha korona, zao zilikuwa ngumu kuliko hizi za bao.

Kwa hiyo mama, kinachoingia kwa mtu hapo ni kile kijiti cha puani tu, na hakina sumaku.