Nimelipa vipindi 24, kocha kaja mara 11

Shangazi, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nina miaka 38, naishi Uyole, Mbeya. Mwanzoni mwa Juni nilianza mazoezi kwenye jimu moja mitaa ya Soweto na kocha wangu binafsi, kijana ambaye ni mdogo wake na rafiki yangu wa kikoba. Nilimlipa 240,000 yote kwa M-Pesa, vipindi 24 vya saa moja: Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 12 asubuhi. Wiki nane zimeisha, amenifundisha mara 11. Siku 11 hakutokea. Nasimama mlangoni na baridi ile, simu haipokelewi, mchana ananiandikia "samahani dada, mtoto aliumwa". Siku mbili mimi ndiye sikwenda na sikumwambia. Akija anachelewa dakika 20, tunaanza moja kwa moja na kuruka na skwati, nusu ya muda yuko kwenye simu. Sasa goti la kulia linauma nikishuka ngazi. Juzi kaniletea chai ya kukata tumbo ya 45,000, eti bila hiyo sitapungua. Naona aibu kudai hela kwa sababu ya dada yake. Nimwache? Na wa pili nitamjuaje kama si yale yale?
Mwalimu, Uyole

Marahaba, mwanangu. Mwache. Ila usimwache kwa kunyamaza na kuacha kwenda, maana ndivyo wengi wanavyofanya, hela inapotea na urafiki unabaki na kinyongo. Anza na hesabu.

Ulinunua vipindi 24 kwa 240,000, yaani 10,000 kila kimoja. Alivyofundisha 11 ni vyake. Vile viwili ambavyo hukutokea bila taarifa navyo ni vyake, mwanangu. Kama alidamka akakusubiri, kazi yake ilikuwa ni kuwepo. Vinabaki 11, sawa na 110,000. Hicho ndicho kiasi cha kudai, si 130,000. Dakika 20 za kuchelewa, ukizizidisha mara 11, ni zaidi ya saa tatu na nusu, na najua zinakuuma. Lakini hamkuwahi kukubaliana chochote kuhusu kuchelewa, na kila mara ulikubali kuanza. Ziache. Deni ambalo kila tarakimu yake ina ushahidi ni gumu kulibishia.

Ushahidi unao tayari. Ujumbe wa M-Pesa una tarehe na kiasi. Zile "samahani dada" za mchana ndizo rejesta yako, kila moja ina siku yake. Kaa na kalenda jioni moja, andika tarehe 24 kwenye karatasi, mbele ya kila tarehe weka: amekuja, hakuja, sikwenda. Usipokuwa na uhakika na siku fulani, mpe yeye.

Kisha mwandikie. Usipige simu, kwenye simu utalainika. Kitu kama hiki kinatosha:

"Habari za leo mdogo wangu. Tarehe fulani nilikulipa 240,000 kwa vipindi 24. Nimepitia kalenda: tumefanya 11, viwili nilikosa mimi na navihesabu kuwa vimefanyika, 11 havikufanyika. Nimeamua kuishia hapa. Naomba unirudishie 110,000. Kama ni nzito kwa mara moja, nitapokea 40,000, 40,000 na 30,000 kila mwisho wa mwezi kuanzia mwezi huu. Naomba jibu lako kufikia Ijumaa."

Umeona hakuna neno la lawama hapo? Ukimwita tapeli atajibu neno tapeli na ataliruka la hela. Na ukimpa njia ya awamu, usishangae akaishika. Hela yako ya Juni imeshaliwa, hana kiasi hicho mfukoni.

Hapo ndipo ugonjwa wenyewe ulipo. Kijana huyu huenda si mwovu. Alipopokea vipindi 24 kwa mkupuo, ugali wa kesho ukawa unatoka kwa mteja mpya, si kwako. Alfajiri ikifika ana wawili wa saa 12, mmoja kalipa zamani, mwingine atalipa leo akimaliza. Wewe ungekwenda kwa nani? Malipo yote ya mbele yanamfanya mteja mwaminifu kuwa mtu wa kusubirishwa. Kwa kocha mpya usilipe zaidi ya vipindi vinne kwa mara moja, hata akupe punguzo.

Akikataa kabisa kulipa, mnaweza kwenda kwa mwenyekiti wa mtaa awasuluhishe, na mara nyingi huishia hapo. Mahakama ya Mwanzo husikiliza madai madogo kama haya, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisemi kuwa makubaliano ya mdomo ni hewa. Ila kwa 110,000 pima nauli na siku za kuomba ruhusa shuleni. Mimi ningefika kwa mwenyekiti, nisingevuka hapo.

Kuhusu dada yake: mwambie wewe mwenyewe, baada ya kutuma ujumbe, ili asisikie kwanza kwa mdogo wake. Sentensi mbili. "Nimeacha mazoezi na mdogo wako, kuna hela tunamalizana wenyewe. Nimekuambia ili usisikie pembeni." Usimwombe akudaie. Na tafadhali, isiwe siku ya kikoba mbele ya akina mama wengine. Pale kila mtu ana neno.

Sasa goti, ambalo kwangu ni kubwa kuliko hela. Maumivu ya mbele ya goti ukishuka ngazi, na mara nyingi ukiinuka baada ya kukaa muda mrefu, kwa kawaida hutokana na kulibebesha goti kazi haraka kuliko linavyozoea. Alfajiri za Juni na Julai Mbeya zinashuka chini ya nyuzi 10. Mwili uliotoka kitandani kwenye baridi hiyo unahitaji dakika 10 za kupashwa: kutembea haraka, kuzungusha nyonga na mabega, skwati za nusu bila uzito, kisha nusu seti ya zoezi lenyewe kwa uzito mdogo. Kocha aliyechelewa dakika 20 ana dakika 40, na kitu cha kwanza anachokikata ni hizo 10, kwa sababu hazionekani kama kazi. Halafu anaweka kuruka kwa sababu kuruka kunatoa jasho haraka na mteja anaona amefanyishwa. Kuchelewa kwake na goti lako ni habari moja.

Acha kuruka kwa sasa. Skwati zifanye za kukaa kwenye kiti na kuinuka, polepole, ukihesabu tatu kushuka. Maumivu yakiwa hayazidi 3 kwa kipimo cha 0 hadi 10, na kesho yake asubuhi goti liko kama jana, endelea. Yakizidi hapo, punguza kina au tumia kiti kirefu zaidi. Goti likivimba, likijifunga lisikunjuke, au likikuachia ghafla ukitembea, hilo ni la daktari, halina kocha ndani yake.

Ile chai irudishe kama hujaifungua. Nyingi za aina hiyo zina dawa ya kuharisha, majani ya sena hasa. Mizani itashuka kilo moja au mbili kwa siku tatu kwa sababu umepoteza maji na choo, mafuta yapo palepale, na ukinywa uji na maji kilo zinarudi. Kupungua nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na huo unatokana na sahani. Huhitaji kuacha ugali wala viazi. Punguza tonge, ongeza maharage, dagaa au yai, na parachichi kula nusu, maana zima likiwa kubwa linaweza kukaribia chakula kamili.

Wakati unatafuta mtu mwingine, usikae bure. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, pamoja na mazoezi ya nguvu siku mbili. Dakika 30 za kutembea siku tano zinatimiza la kwanza. Mwendo wa wastani ni ule ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Chagua njia ya tambarare. Vilima vyetu ni vizuri kwa kupanda, ila mteremko ndio unaolichokoza goti lako. Kwa la pili, nyumbani: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10, pushapu za kusukuma ukuta au ukingo wa meza imara mara 8, kulala chali na kuinua makalio mara 12, kuinama ukishika kiti na kuvuta ndoo yenye maji lita 5 hadi mbavuni mara 10 kila mkono. Seti tatu za kila moja, pumzika dakika moja au moja na nusu katikati. Ukiweza kuvuta ndoo mara 12 seti zote tatu bila kuhangaika, ijaze zaidi. Lita moja ni kilo moja, mizani gani tena unataka.

Kocha mpya. Watu huangalia kifua chake na picha za simu. Kifua chake kinakuambia anajua kujifundisha mwenyewe, basi. Nenda jimu saa unayotaka kufanya mazoezi, kaa nusu saa, mwangalie akiwa na mteja mwingine. Simu iko wapi? Anahesabu, au mteja ndiye anajihesabia? Mteja akikosea mgongo, anamsimamisha na kupunguza chuma, au anapiga kelele "moja tena, moja tena"? Ana daftari? Asiyeandika hawezi kukumbuka ulibeba kilo ngapi wiki jana, na asipokumbuka hawezi kukuongezea kwa mpango, atakuchosha tu. Kuchoka ni rahisi, hata kupanda mlima Loleza kunachosha.

Cheti kipo na kina thamani. Chuo cha Maendeleo ya Michezo Malya kule Kwimba kinafundisha makocha, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina shahada ya elimu ya viungo, na wapo wenye vyeti vya Marekani kama NASM au ACE, ambavyo unaweza kuvihakiki kwa jina kwenye tovuti zao. Muulize pia kama amefundishwa huduma ya kwanza. Ila nimeweka cheti baada ya daftari kwa makusudi.

Halafu lipia kipindi kimoja cha majaribio, kimoja tu. Kabla hujagusa chuma anapaswa kukuuliza: presha, sukari, dawa unazotumia, upasuaji, uzazi, maumivu. Ukitaja goti na yeye akasema "hilo litazoea", mshukuru, ondoka. Anayejua atakuuliza linauma wapi, ukifanya nini, tangu lini, atakuangalia ukikaa na kuinuka, na kipindi kizima kitakuwa chepesi kuliko ulivyotarajia. Akitaka kukushika kurekebisha mkao, aombe kwanza. Akikuahidi kilo 10 kwa mwezi, au ana mfuko wa vidonge vya kuuza, umeshamjua.

Akipita hapo, andikeni nusu ukurasa, kila mmoja abaki na nakala au picha yake kwenye simu. Idadi ya vipindi na bei. Siku na saa. Anayeghairi zikiwa zimebaki chini ya saa 12 kipindi kianze, anabeba hasara: wewe ukighairi kipindi kinahesabika, yeye akighairi anakupa kimoja cha bure. Akichelewa zaidi ya dakika 10, muda unaongezwa mwishoni au kipindi kinahamishwa. Vipindi visivyofanyika hela inarudi ndani ya siku 14. Atakayecheka karatasi hiyo mwache acheke akiwa hana hela yako. Kila mkimaliza, nyote wawili mnasaini tarehe nyuma ya daftari, sekunde tano.

Na ufikirie saa yenyewe. Saa 12 asubuhi kutoka Uyole hadi Soweto, kisha urudi uwahi kengele ya shule, ni ratiba inayovunjika kirahisi hata kocha akiwa malaika. Zile siku zako mbili huenda zilitokea hapo. Ukipata mtu wa saa 11 jioni, misuli itakuwa imeshapata joto la mchana. Ukikuta yule wa zamani yupo humo humo jimu, msalimie kama kawaida, na habari ya awamu msiizungumzie kwenye vyuma. Hiyo iacheni kwenye ujumbe, ambako ina tarehe.