Saa za Kazi Zisizokwisha

Swali: Mheshimiwa mshauri, mimi ni karani mpya katika ghala moja la Kampala, nami huingia saa moja asubuhi na kutoka saa tatu usiku. Je, nivumilie kwa kuwa ningali katika majaribio?

Jibu: Ndugu msomaji, majaribio hayafuti haki yako ya kuwa na kikomo cha saa za kazi. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inaweka saa 48 kwa juma, na zinazozidi hulipwa angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hata hivyo, kwa kuwa mkataba wa majaribio waweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 14 tu, sikushauri uanze kwa ugomvi: andika saa zako kila siku (daftari la shule latosha), kisha umwombe msimamizi, faraghani, akueleze ni kazi zipi zinazoweza kungoja kesho. Akikupuuza, mwone afisa wa kazi wa serikali.