Unataka kusomea wanyamapori? Anza na nyasi

Mi niliingia darasani najiamini kweli, manake simba, chui, duma wote nilikuwa nawajua mpaka mbio zao, vipindi vya wanyama kwenye tivii nilikuwa nimevimaliza. Wiki ya pili tukapelekwa fildi nikajua ndo tunaenda kuona tembo, kumbe unapewa fremu ya mraba, unaiweka chini, unapiga magoti na kuhesabu aina za nyasi zilizomo ndani, asubuhi nzima! Mnyama pekee niliyemwona siku ile ni kupe, na alikuwa mguuni kwangu.

Kwa hiyo ukiniuliza ujiandae vipi na kozi ya usimamizi wa wanyamapori ntakwambia soma mimea na hesabu, wanyama utawakuta huko huko. Cheki nyumbu wa Serengeti. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walikuwa kama laki mbili na nusu, mwishoni mwa miaka ya 1970 washapita milioni moja, na hamna mtu aliyewaongeza. Ng'ombe wa maeneo ya jirani walichanjwa sotoka, ugonjwa wa ng'ombe uliokuwa unawapata na nyumbu, ugonjwa ukakata, ndama wa nyumbu wakaacha kufa ovyo, afu mvua za kiangazi zikaongezeka majani yakawa mengi. Nyumbu walivyozidi wakala nyasi zikabaki fupi, moto ukakosa cha kuchoma, miche ya miti nayo ikapata nafasi ya kukua. Yaani sindano ya ng'ombe imeishia kwenye miti! Sasa wewe unayemjua nyumbu tu, hapo unaanzia wapi? (Sotoka yenyewe ilitangazwa imetokomezwa duniani mwaka 2011.)

Hesabu nazo usizikimbie, mi zilinitoa jasho sababu nilidhani nimeziacha sekondari. Jaribu hii nyumbani. Chukua kopo la maharage, usihesabu, toa 40 uyapake alama, rudisha, tikisa vizuri. Chota tena 50 bila kuangalia. Kama humo yenye alama ni 10, basi 40 mara 50 gawanya kwa 10, kopo lina kama 200. Wanyama tunawakadiria hivyo hivyo, unakamata, unaweka alama, unaachia, unakamata tena. Afu rudia bila kutikisa uone jibu linavyokudanganya, hapo utaelewa kwa nini mwalimu anakazania sana masharti kuliko fomula, manake porini kuna mnyama akishakamatwa mara moja mtego hausogelei tena, na kuna mwingine alama inadondoka, hesabu yote inakwenda upogo na wewe hujui.

Majina ya kilatini anza mapema, matano kwa siku yanatosha. Kuna mnyama mmoja ana majina manne kutegemea unaongea na nani, ila ukiandika Syncerus caffer kila mtu anajua ni nyati.

Viatu usivae vipya siku ya kwanza ya fildi, vivae mwezi mzima kabla, mi nilitoka malengelenge kilomita ya tatu nikawa nachechemea nyuma ya wenzangu kama mgonjwa. Daftari andikia penseli, wino ukinyeshewa kazi ya siku nzima imekwenda. Na jifunze kukaa kimya huku unajua upepo unatoka wapi, ukiwa upande unakotoka upepo wanyama wanakunusa mapema hata kama umejificha vipi.

Kingine watu hawakisemi. Hii kozi ina vifo. Kuna mgao wa uwindaji, yaani idadi ya wanyama wanaoruhusiwa kuwindwa, kuna kupunguza wanyama pale wanapozidi malisho, kuna tembo aliyekufa shambani kwa mtu na huyo mtu analia na hasira zake ni za haki kabisa, na wewe ndo umesimama mbele yake na daftari. Ongea na wakulima na wafugaji kabla hujaanza, sikiliza tu, usiende kuwahubiria. Mi nilienda kuhubiri, nikaulizwa nimewahi kulala macho nalinda mahindi lini, sikuwa na jibu.

Tulivyompasua swala kwa mara ya kwanza mwenzetu mmoja alitoka nje akatapika, akakaa kidogo, akarudi akaosha mikono na kushika taya. Huyo ndo kila mtu alikuja kumfuata tukitaka kukadiria umri wa mnyama kwa meno.