Jibu: toa hiyo picha ya Apollo 17 kabla hujawasilisha mada

Mkuu simama hapo hapo. Umesema mada yako ya vimondo kuyeyusha udongo wa mwezini unaifungua na picha ya ule udongo wa rangi ya chungwa wa Apollo 17, ile safari ya Wamarekani kwenda mwezini. Itoe. Mimi niliiweka kwenye mada ya namna hiyo hiyo kazi yote ikarudishwa, na aliyenipoteza ni jamaa mmoja wa video anasema udongo ule umeyeyushwa na kimondo, anaongea kwa kujiamini kweli kweli, ameambiwa amekosea na mpaka leo hajarekebisha, watu wanazidi kumnukuu, inaniuma aisee.

Ule udongo ni vishanga vidogo vya kioo, mwanaanga Harrison Schmitt aliukuta Desemba 1972 kwenye ukingo wa kreta (shimo) ya Shorty huko mwezini, na mtego uko hapo. Shorty yenyewe imechimbwa na kimondo, basi mtu akiona kioo pembeni ya shimo la kimondo anafunga hesabu. Kumbe vile vishanga ni vya volkano, lava ilirushwa juu na gesi miaka kama bilioni 3.5 iliyopita ikagandia hewani, sijui niseme hewani na hewa hakuna, vikafukiwa, kimondo kikaja baadaye sana kikavifukua tu. Kile kioo cha kijani cha Apollo 15 nacho ni volkano.

Kioo cha kimondo kinatokea hivi. Mwezini hakuna hewa ya kupunguza mwendo, kwa hiyo hata chembe ndogo kama vumbi inatua na kasi ya kilomita kama 20 kwa sekunde. Usiandike joto linatokana na msuguano! Wimbi la mshtuko linabana udongo ghafla, nafasi kati ya punje zinafungwa, presha ikiachia joto linabaki ndani, udongo unayeyuka halafu unapoa haraka mno fuwele hazipati muda wa kujijenga, kinabaki kioo. Ule uji unanasa punje za jirani ambazo hazijayeyuka, hizo ndio aglutineti, na udongo uliokaa juu muda mrefu unaweza kuwa nazo nusu au zaidi.

Kwa hiyo angalia ndani ya punje kwanza, habari ya imeokotwa wapi iache. Mapovu, vipande vya madini, vitone vidogo sana vya chuma, kemia haifanani punje nzima: kimondo. Kishanga safi, kemia moja, nje utando wa zinki na salfa: volkano. Umbo la mviringo peke yake halitoshi maana vimondo navyo vinatoa vishanga.

Weka picha ya aglutineti, kisha rusha slaidi hapa niione kabla hujatuma.