Kifuniko Kwanza, Jina Baadaye: Kwa Wanaoanza Kazi ya Konokono wa Maji Baridi

Kila mwaka mvua zinapokatika na maji ya mifereji ya Usangu na Pawaga yanapoanza kutulia, hufika kazini kwetu vijana wapya waliosoma vizuri, wenye viatu vya mpira visivyo na tope, na kila mwaka kosa la wiki ya kwanza huwa lilelile. Hurudi jioni na daftari ambamo kila konokono mrefu ameandikwa Bulinus globosus, mbebaji wa kichocho cha mkojo, na kila aliye bapa ameandikwa Biomphalaria pfeifferi, mbebaji wa kichocho cha tumbo, kwa uhakika ambao mimi, baada ya miaka kumi na minne ya kuchota konokono kati ya Iringa na Mbeya, bado sina. Mngejua jina hilo linakwenda wapi mngeandika taratibu zaidi. Kwa jina hilo mtu mwingine, ambaye hakuuona mfereji, ataamua kama hapo pana hatari ya kichocho cha mkojo, cha tumbo, ugonjwa wa ini wa ng'ombe, au hapana hatari yoyote. Na pengine ataamua kumwaga niklosamidi, dawa inayoua konokono lakini inayoua na samaki pia.

Mkimtoa konokono majini, msitazame umbo la gamba kwanza. Mwacheni ajivute ndani, kisha tazameni mlango. Akiufunga kwa kifuniko kigumu kilichoshikamana na mguu wake, huyo si wa kundi tunalolitafuta: kwa kawaida anapumua kwa matamvua kama samaki, hata kama gamba lake linafanana na la Bulinus kwa mbali. Konokono wetu hawana kifuniko. Hao wana chumba ndani ya gamba ambacho ukuta wake wenye mishipa ya damu hufanya kazi ya pafu, na mkikaa kimya kando ya jaruba mtawaona wakipanda hadi juu ya maji, wakifungua tundu dogo pembeni mwa mwili, wakivuta hewa na kushuka tena. Wengi wao hupitisha hewa kwenye ngozi pia, kwa hiyo konokono asiyepanda kwa saa nzima asiwadanganye.

Umuhimu wa kifuniko nilifundishwa na mzee mmoja wa Usangu bila yeye kukusudia. Nilimwamkia, akaitikia, akanyoosha kiganja chenye konokono mkubwa wa rangi ya kijani iliyofifia, akauliza, "Mwanangu, huyu ndiye anayetukojosha damu?" Mdomo wa gamba ulikuwa upande wa kushoto, kama wa Bulinus, nami nikajibu haraka, "Ndiyo, mzee." Alipomgeuza, kifuniko cha kahawia kilikuwa kimeziba mlango wote. Alikuwa Lanistes, ambaye gamba lake huonekana kuzunguka kushoto lakini hahusiki kabisa na kichocho. Ilinibidi nimwombe mzee radhi na kumwonyesha Bulinus wa kweli, mdogo kuliko ukucha wa kidole gumba, akiwa amejibandika chini ya jani la yungiyungi. Alimtazama kwa muda, akasema kadogo namna hii asingekadhania.

Kifuniko kikishaondoa wasiohusika, shikeni gamba ncha ikitazama juu na mdomo ukiwaelekea ninyi. Mdomo ukiwa kulia, na pembe za kichwani zikiwa fupi, bapa, zenye umbo la pembetatu, huyo ni wa familia ya Lymnaeidae. Mdomo ukiwa kushoto na pembe zikiwa nyembamba kama uzi, mna familia mbili za kufikiria, na hapa ndipo wengi hujikwaa. Bulinus ni wa Planorbidae, na damu yake ina hemoglobini kama yetu, ndiyo maana mwili wake, na hasa wa Biomphalaria mwenye gamba jepesi, huonyesha wekundu ukiuweka kwenye mwanga. Physella acuta, mgeni kutoka Marekani ambaye siku hizi hupenda mitaro ya mjini na mabwawa ya samaki, ni wa Physidae. Gamba lake linang'aa, lina ncha kali zaidi, damu yake si nyekundu, na habebi kichocho cha binadamu. Nimeona ramani nzima ya "maeneo ya hatari" iliyochorwa juu ya Physella. Wale wadogo wenye gamba kama kofia, waliojibandika juu ya mawe, waandikeni tu kwamba wapo.

Baada ya familia na jenasi, punguzeni mwendo. Bulinus wamegawanywa katika makundi manne: la africanus, la forskalii, la reticulatus, na lile la truncatus na tropicus. Wa forskalii ni mrefu na mwembamba, hamtamkosea. Lakini kumtenga globosus na africanus kwa gamba peke yake ni kubahatisha, kwa sababu gamba hubadilika kulingana na maji, chakula na umri. Kinachotenganisha ni viungo vya uzazi na vinasaba, na hivyo havionekani ukiwa umesimama ndani ya mfereji. Truncatus na tropicus ni mfano mzuri zaidi wa jinsi macho yasivyotosha: magamba yao yanaweza kufanana kabisa, lakini tropicus ana kromosomu 36 na truncatus ana 72, na ni huyu wa pili anayepokea kimelea cha kichocho cha mkojo. Kwa hiyo mkiwa uwandani andikeni "Bulinus, kundi la africanus", na msione aibu. Jina fupi lenye ukweli linamsaidia anayelisoma kuliko jina kamili la kubuni.

Kuhusu nani anambeba nani, mambo ya msingi ni haya. Schistosoma mansoni, wa kichocho cha tumbo, hutumia Biomphalaria, S. haematobium, wa kichocho cha mkojo, hutumia Bulinus, na S. bovis wa ng'ombe naye hutumia Bulinus. Kwa wafugaji, Lymnaea natalensis hubeba mnyoo bapa wa ini aitwaye Fasciola gigantica, ambaye kule tambarare na kwenye vinyungu, yaani bustani za mabondeni, ndiye anayefanya maini yatupwe machinjioni. Mkipanda hadi nyanda za baridi kama Kitulo mambo hubadilika: huko hukaa konokono mdogo Galba truncatula, anayependa tope la ukingoni kuliko maji yenyewe, na pamoja naye mnyoo Fasciola hepatica. Anayetafuta Galba kwa kuchota katikati ya kijito atarudi mikono mitupu, kisha ataandika kwamba hayupo.

Majina nayo yanahama. Natalensis mtamkuta katika maandishi ya zamani akiwa Lymnaea na katika mapya akiwa Radix. Na Pulmonata, jina tulilofundishwa kama kundi kamili la konokono wenye mapafu, limevunjwa baada ya uchunguzi wa vinasaba, na hawa wa majini sasa huwekwa katika Hygrophila. Andikeni jina mnalolitumia na mwaka wa ukusanyaji, mwendelee na kazi. Mabishano haya yana watu wake.

Kuwepo kwa konokono si kuwepo kwa ugonjwa. Yai likifika majini na mkojo au kinyesi huanguliwa mirasidia, kiluwiluwi wa kwanza wa mnyoo, ambaye ana saa chache tu za kumpata konokono anayemfaa, akimkosa anakufa. Akiingia, huzaliana ndani yake kwa wiki nne au zaidi kutegemea joto, kisha serkaria, viluwiluwi wenye mikia, hutoka kwa maelfu. Kujua kama konokono wenu amefikia hapo, mwekeni kila mmoja katika kichupa chake chenye maji safi yasiyo na klorini, mwanikeni kwenye mwanga kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana, kisha tazameni chini ya hadubini. Serkaria wa kichocho ana mkia uliogawanyika mara mbili mwishoni. Hata hivyo mkia huo hautoshi kutaja ugonjwa wa watu: S. bovis anao, na wa ndege wanao pia. Mfereji ambao ng'ombe hunywa asubuhi na watoto huoga mchana unahitaji vipimo vya vinasaba kabla ya mtu kutangaza lolote. Serkaria wa Fasciola hana mkia wa namna hiyo, hutoka zaidi usiku, na hujigandisha upesi kwenye majani au kwenye kuta za kichupa; kwa hiyo kabla ya kuosha kichupa cha Lymnaea, kielekezeni dirishani mtafute vijipunje vyeupe vilivyoshika kwenye kioo. Glavu za mpira zivaliwe uwandani na mezani pia, kwa sababu dakika chache zinamtosha serkaria kupenya ngozi.

Mwaka wangu wa kwanza nilihifadhi mkusanyo wa miezi mitatu katika fomalini, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa kabatini. Niliporudi kuufungua, magamba yalikuwa meupe kama chokaa na yalimong'onyoka kwa kuguswa na kibano, kwani fomalini huwa na tindikali inayokula gamba, tena huharibu vinasaba. Tumieni ethanoli ya asilimia 70 au zaidi. Lebo iandikwe kwa penseli na iwekwe ndani ya kichupa, maana wino wa kalamu huyeyuka katika ethanoli. Konokono walio hai msiwasafirishe katika chupa iliyojaa maji. Kutoka Mbarali hadi Mbeya mjini watakufa kwa joto na kukosa hewa. Wafungeni katika majani mabichi yenye unyevu ndani ya kisanduku cha baridi.

Jambo la mwisho linahusu Juni na Julai. Vyumba vyetu vya Iringa na Mbeya huwa na baridi kali asubuhi, na konokono mwenye baridi hatoi serkaria hata kama amejaa vimelea. Tulikuwa tukiandika "hana" kwa wiki nzima hadi mwenzetu mmoja alipohamishia vichupa chini ya taa ya balbu, vikapata joto la wastani, na kabla ya saa saba vitatu kati yake vilikuwa vimejaa mikia. Ambaye hakutoa kitu siku ya kwanza mpeni jani la saladi na maji mapya, mrudieni baada ya wiki moja, kisha mrudieni tena kila wiki hadi wiki nne au tano zipite tangu siku mliyomchota, na kila mara andikeni joto la maji pembeni mwa matokeo.